Picha Ipo, Sauti Haipo: Kodeki na Draiva katika Kompyuta za Nachingwea na Ruangwa

Mtu ananunua filamu kwenye flashi mjini Nachingwea, anaichomeka kwenye laptopu, picha inatokea safi kabisa lakini wahusika wanafungua midomo bila kutoa neno. Mwingine, Ruangwa, ana filamu hiyohiyo. Kwake sauti inatoka, ila picha inarukaruka kisha inaganda. Wa tatu anasikia muziki na milio ya risasi, maneno ndiyo hayasikiki. Wakimfuata fundi, kila mmoja ataambiwa lake: kadi ya sauti imekufa, kodeki hazipo, mashine imezeeka, au jibu linalopendwa kuliko yote, kwamba dawa ni kupiga Windows upya.

Majibu hayo yote ni ya kweli kwa kompyuta fulani. Kasoro yake ni kwamba hutolewa kabla mashine haijachunguzwa, na mteja hulipia tiba ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi, ambako kompyuta ya mtumba ni jambo la kawaida na bando hununuliwa kwa kuhesabu megabaiti, tiba isiyofaa ina gharama.

Ili kuupunguza mkanganyiko huo, inafaa kwanza kuelewa kodeki ni nini hasa. Kodeki ni mbinu ya kubana na kufungua picha au sauti, na kwa hiyo ni namna ya kugawa mzigo: mtengenezaji wa faili huamua kiasi gani kibebwe na diski, kiasi gani na bando, kiasi gani na prosesa, na nani alipe leseni. Video inapokwama, maana yake kuna mmoja kati ya hao aliyetwishwa zaidi ya uwezo wake. Kazi ya fundi ni kumtambua huyo.

Safari ya faili hadi kwenye spika

Herufi za mwisho za jina la faili, yaani MP4, MKV au AVI, ni jina la chombo tu. Wakulima wanaouza kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanalijua jambo hili kwenye korosho: gunia kwa nje halisemi daraja la kilichomo mpaka korosho zenyewe zipimwe. Vivyo hivyo, mafaili mawili ya MKV yanaweza kufanana kwa jina na ukubwa, moja likachezwa bila shida na jingine likakataa, kwa sababu kilichofungwa ndani si kitu kimoja.

Programu ya kuchezea hufungua chombo hicho na kutenganisha mikondo: mmoja wa picha, mmoja au zaidi wa sauti, na pengine maandishi ya tafsiri. Kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake. Kodeki ya picha huirudisha picha na kuikabidhi kwa kadi ya michoro; kodeki ya sauti huirudisha sauti na kuikabidhi kwa mfumo wa Windows, nao huipitisha kwa draiva (programu inayoiendesha chipu ya sauti), chipu, waya na hatimaye sabufa. Pete moja ya mnyororo huo ikikatika, mtazamaji huona jambo moja tu: filamu haichezi.

Kubana ni lazima, na hesabu inaonyesha kwa nini. Video yenye nukta 1920 kwa 1080, ikionyeshwa picha 25 kila sekunde bila kubanwa, huzalisha megabaiti 155 hivi kwa sekunde. Filamu ya saa moja na nusu ingechukua takriban gigabaiti 840, yaani diski nzima ya laptopu nyingi na bado isitoshe. Sauti nayo ni hivyohivyo: wimbo wa dakika nne katika ubora wa CD una megabaiti 42, lakini ukibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 unashuka chini ya megabaiti 4. Bila kodeki kusingekuwa na biashara ya kuwekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi.

Kwa nini kodeki haziishi kuzaliwa

Sababu ya kwanza ni mbio za kupunguza ukubwa. VCD, zilizoingiza filamu katika nyumba nyingi za Tanzania kupitia deki, zilitumia MPEG-1, zikiwa na picha ndogo ya nukta 352 kwa 288. DVD ikaja na MPEG-2. Mwaka 2003 ikakamilika H.264, ambayo hadi leo ndiyo kodeki inayofahamika na vifaa vingi kuliko nyingine yoyote. Mwaka 2013 zikatoka H.265, ijulikanayo pia kama HEVC, pamoja na VP9 ya Google; mwaka 2018 ikafuata AV1. HEVC iliundwa kwa lengo la kutoa ubora wa H.264 kwa takriban nusu ya ukubwa. Faida hiyo hulipiwa mahali pengine: kadiri faili linavyobanwa kwa ustadi, ndivyo prosesa inavyotaabika kulifungua.

Sababu ya pili ni fedha. Kodeki nyingi zimefungwa na hataza, na anayetengeneza kifaa au programu hutakiwa kulipa. MP3 ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2017, mpango wake wa leseni ulipofungwa. Wenye hataza za HEVC waligawanyika katika makundi zaidi ya moja, kila kundi na bei yake, hata kampuni kubwa za teknolojia zikaungana mwaka 2015 kuanzisha umoja uliozaa AV1, kodeki isiyotozwa ada. Mvutano huo haujaisha. Microsoft huiuza HEVC kama nyongeza ya Windows kwa senti 99 za dola ya Marekani, na mwaka 2025 ilibainika kwamba HP na Dell zimezima uwezo wa kufungua HEVC katika baadhi ya laptopu zao, ingawa prosesa zilizomo zinaweza kazi hiyo.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda filamu na wimbo wenyewe, ikimhusu anayenakili na kuuza. Leseni ya kodeki inahusu chombo cha kufungulia. Mtu anaweza kuwa amenunua kazi ya msanii kihalali, na bado kompyuta yake ikakosa ruhusa ya kuifungua.

Watanzania walikwisha kukutana na suala hili kwa ukubwa wa taifa tarehe 31 Desemba 2012, matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam. Televisheni zilikuwa nzima; zilichokosa ni king'amuzi, yaani kifaa chenye uwezo wa kupokea na kufungua matangazo yaliyobanwa kidijitali. Kompyuta hufanya kazi hiyohiyo kwa programu au kwa chipu, ila kwake hakuna kasha linaloonekana mezani, na ndiyo maana tatizo hudhaniwa kuwa popote pale.

Dalili tano na vyanzo vyake

*Picha ipo, sauti haipo.* Jaribio lake ni jepesi: chezesha wimbo wa MP3. Ukisikika, kadi ya sauti na draiva ni nzima, na kasoro iko kwenye kodeki ya sauti ya filamu ile. Mara nyingi ni AC-3, E-AC-3 au DTS, kodeki za sauti za majumba ya sinema na DVD ambazo leseni zake zimewafanya watengenezaji wengi waziache. Watumiaji wa MX Player kwenye simu wameuzoea ujumbe wa kukataliwa kwa E-AC-3, na Windows 11 toleo la 24H2 ikisakinishwa upya haiji tena na AC-3.

*Sauti ipo, picha ni nyeusi au haitokei.* Hapa kodeki ya picha ndiyo haipo, aghalabu HEVC. Kuna chanzo kingine kisichofikiriwa sana. Tume ya Ulaya iliamua mwaka 2004 kwamba Microsoft iuze pia Windows isiyo na programu za muziki na video. Toleo hilo huitwa kwa herufi N, na bado limo kwenye orodha ya usakinishaji. Fundi akichagua Pro N badala ya Pro, kompyuta itazaliwa upya bila uwezo huo, na mwenyewe ataamini mashine imeharibika.

*Picha inaganda, sauti inaendelea.* Kodeki ipo ila prosesa imeelemewa. Ukifungua orodha ya kazi za Windows filamu ikiwa inacheza, utakuta prosesa imekaribia asilimia 100. Hali huzidi umeme unapokatika, kwa sababu laptopu ikihamia kwenye betri hupunguza kasi ili kuokoa chaji.

*Hakuna sauti kwa chochote, au sauti inakwaruza.* Sasa ndipo draiva inapofaa kushukiwa, lakini baada ya kuangalia sauti imeelekezwa wapi. Laptopu ikiunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, Windows huweza kuhamishia sauti huko na kuliacha tundu la sabufa kimya. Kukwaruza nako huweza kusababishwa na draiva isiyohusika na sauti, kama ya Wi-Fi, inapoishikilia prosesa muda mrefu hadi akiba ya sauti ikaisha kabla ya kujazwa.

*Muziki unasikika, maneno hayasikiki.* Filamu nyingi zina sauti ya njia sita, na mazungumzo huwekwa kwenye njia ya katikati. Kompyuta ikidhani ina spika sita ilhali imeunganishwa na sabufa ya njia mbili, njia ya katikati inapotea na maneno pamoja nayo. Tiba ni kubadili mpangilio wa spika kuwa stirio. Hapana haja ya kodeki mpya wala draiva mpya.

Hoja ya kwanza: piga Windows upya

Kwa dalili hizo hupendekezwa tiba nne. Wanaotetea njia hii ya kwanza wana hoja. Kompyuta iliyojaa virusi, programu zinazogombana na mabaki ya miaka mingi husafika kwa mara moja, na fundi hahitaji kutafuta chanzo kimoja kimoja. Kwa mwenye foleni ya wateja, huo ni uokoaji wa muda.

Hasara zake hazitajwi mara nyingi. Kupiga Windows hufuta draiva ya mtengenezaji iliyokuwa ikifanya kazi, na huweza kuondoa nyongeza ya HEVC iliyokuja na kompyuta. Baya zaidi, draiva ya michoro isiporudishwa, Windows hutumia ile ya msingi, na chipu ya kufungulia video hulala bila kazi. Mashine iliyoletwa kwa ajili ya sauti hurudi na sauti yake, kisha video zilizokuwa zikicheza vizuri zinaanza kukwama.

Hoja ya pili: sakinisha furushi la kodeki

Mafurushi kama K-Lite yalizaliwa enzi za Windows XP, wakati filamu za DivX na Xvid zilikuwa zikikataa kufunguka bila nyongeza. Nguvu yake ni kwamba faili moja la kusakinishia huenea kwenye flashi, huhitaji kupakuliwa mara moja tu, na huwezesha programu kadhaa kwa pamoja, zikiwemo baadhi ya zile za zamani za kuhariri.

Udhaifu wake ni wa kimuundo. Windows ina mifumo miwili ya kuchezea: DirectShow ya zamani na Media Foundation iliyoifuata. Mafurushi huongeza kodeki hasa kwenye ule wa kwanza, wakati programu mpya ya filamu inayokuja na Windows hutumia wa pili. Mtu husakinisha furushi, hurudi kufungua faili kwa programu ileile, na hakuna kilichobadilika. Mafurushi mawili yakikaa pamoja, kodeki zake hugombea kazi moja na matokeo huwa hayatabiriki.

Kuna pia hatari ya utapeli. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2005 kirusi Zlob kilisambaa duniani kikijifanya kodeki ya video: mtazamaji aliambiwa asakinishe kifaa kidogo ili aione picha, kumbe anaifungulia mlango programu haribifu. Mbinu hiyo haijafa. Tovuti inayodai kodeki ndipo ionyeshe video inastahili kufungwa papo hapo.

Hoja ya tatu: tumia kicheza kinachojitosheleza

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2001. Hubeba kodeki zake yenyewe, nyingi zikitoka kwenye mradi wa FFmpeg ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. AC-3, DTS, HEVC, VCD za zamani, faili lililokatika katikati ya kunakiliwa: karibu vyote hivyo hufunguka bila kuigusa Windows. VideoLAN, taasisi inayoisimamia, iko Ufaransa, ambako sheria haizipi hataza za programu nguvu zilizonayo Marekani, na ndiyo maana inaweza kugawa bure kile ambacho wengine wanakiuza.

Mipaka yake iko wazi. VLC hujisaidia yenyewe tu. Mwalimu wa Chuo cha Ualimu Nachingwea anayepachika video ndani ya PowerPoint hatanufaika na VLC iliyomo kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa kuwa PowerPoint hutafuta kodeki za Windows. Kivinjari nacho kina kodeki zake. Na hakuna kicheza kitakachoipa prosesa dhaifu nguvu isiyokuwa nayo.

Wanaohamia Linux wako karibu na hoja hii, kwani mifumo hiyo hutumia FFmpeg kwa wingi. Hata huko hataza zinafika: mwaka 2022 Fedora iliondoa usaidizi wa chipu kwa H.264 na H.265 kwa sababu za kisheria, na Ubuntu huacha baadhi ya kodeki ziongezwe na mtumiaji.

Hoja ya nne: badili faili lenyewe

Badala ya kurekebisha kila kompyuta, muuzaji wa filamu anaweza kurekebisha faili mara moja. MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC ya stirio huchezwa na laptopu za kale, simu, televisheni nyingi zenye tundu la flashi, na pia PowerPoint. Programu huria za HandBrake na FFmpeg hufanya kazi hiyo.

Gharama ya kubadili picha ni kubwa: saa kadhaa kwenye mashine dhaifu, ubora kidogo kupotea, na faili kunenepa. Unene nao una mpaka, maana flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4.

Hata hivyo, tatizo linapokuwa sauti pekee, picha haina haja ya kuguswa. Amri moja ya FFmpeg, ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -ac 2 -sn filamu.mp4, hunakili picha kama ilivyo na kubadili sauti tu kuwa AAC ya njia mbili. Kwa kuwa picha haibanwi upya, ubora wake haupungui hata kidogo na kazi huchukua dakika, si saa. Amri hiyohiyo hutibu filamu bubu na ile iliyopoteza mazungumzo.

Draiva: ya jumla, ya mtengenezaji au ya furushi

Hadi miaka ya 1990, sauti ya kompyuta ilitoka kwenye kadi ya kuchomeka kama Sound Blaster, iliyotolewa na Creative ya Singapore mwaka 1989. Intel ilipoleta viwango vya AC'97 mwaka 1997 na HD Audio mwaka 2004, sauti ikahamia kwenye ubao mama, na chipu za Realtek ya Taiwani zikaenea. Viwango hivyo ndivyo vilivyoiwezesha Microsoft kutoa draiva ya jumla inayotoa sauti kwenye kompyuta nyingi bila kupakua chochote.

Draiva ya jumla ni tulivu na haina bei. Lakini haijui nyaya za kila laptopu: spika huweza kuendelea kulia hata ukichomeka visikilizi, na kipaza sauti cha ndani huweza kutotambulika. Kwa laptopu za Intel za miaka ya karibuni zinazotumia mfumo wa Smart Sound, kukosa draiva yake kunaweza kumaanisha ukimya kamili.

Draiva ya mtengenezaji, inayopatikana kwenye tovuti za HP, Dell au Lenovo kwa namba ya mashine, huzijua nyaya hizo. Hasara yake ni bando, maana vifurushi vyake huweza kufika mamia ya megabaiti, tena kwa mashine kuukuu huenda hakuna draiva iliyoandikwa kwa ajili ya Windows mpya. Ieleweke pia kwamba chipu moja ya Realtek hufungwa kwa namna tofauti katika laptopu tofauti, hivyo draiva ya jirani inaweza kusakinishika na bado sauti isitoke.

Njia ya tatu ni furushi la draiva lisilohitaji mtandao, kama DriverPack, linalobebwa na mafundi wengi kwenye diski ya nje. Mahali ambapo intaneti ni ya kupima, faida yake haina ubishi. Limelaumiwa, hata hivyo, kwa kuleta programu ambazo mtumiaji hakuziomba, na kuchagua kwake draiva kwa kukisia huweza kuibadili nzuri kwa mbaya.

Njia ya nne haitajwi sana, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote: kuhifadhi draiva zilizomo kabla ya kupiga Windows. Amri ya pnputil /export-driver * D:\Draiva, ikitolewa na msimamizi wa kompyuta baada ya kuunda folda ya jina hilo, hunakili draiva zote za ziada, za sauti, michoro na Wi-Fi. Zikirudishwa baadaye, hazigharimu hata megabaiti moja ya bando.

Umri wa prosesa na bei ya bando

Kompyuta mbili za mtumba zenye nembo moja ya Core i5 zinaweza kutofautiana sana. Prosesa za Intel za kizazi cha 2, za mwaka 2011, hufungua H.264 kwa chipu maalumu. HEVC ya kawaida ilipata nafasi yake katika kizazi cha 6 mwaka 2015, HEVC ya biti 10 katika kizazi cha 7, na AV1 katika kizazi cha 11 mwaka 2020. Laptopu ya kizazi cha 4 itacheza H.264 bila kupata joto, lakini ikipewa HEVC ya biti 10 italazimika kutumia nguvu zote, feni ikivuma na betri ikishuka.

Tofauti hii huonekana waziwazi kwenye YouTube. Google hupendelea kutuma VP9 au AV1 kwa sababu hutumia data kidogo. Kwa mwenye mashine mpya huo ni unafuu wa bando. Kwa mwenye mashine kuukuu ni mzigo wa prosesa. Nyongeza ya kivinjari iitwayo h264ify huilazimisha YouTube itume H.264: prosesa hupumua, bando likaliwa zaidi. Njia ya kati ni kushusha ubora hadi 480, ambako pande zote mbili hupata nafuu.

Kukwama kwa mtandao ni jambo jingine tena. Anayefuatilia kwa intaneti mechi ya Namungo kutoka Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, akaona duara linazunguka na vyote viwili, picha na sauti, vimesimama, anasubiri data. Picha ikirukaruka huku sauti ikienda bila kusita, hapo anayeshindwa ni kompyuta. Draiva ya sauti haihusiki katika hali yoyote kati ya hizo mbili.

Kupima hoja

Hakuna njia inayoshinda kwa wote, kwa sababu wanaobeba gharama si walewale.

Muuzaji wa filamu na nyimbo anahudumia vifaa asivyovijua. Kwake hoja ya nne ina uzito kuliko zote: abadili mara moja, auze mara nyingi. Kupoteza muda kwa filamu moja ni nafuu kuliko wateja kurudisha flashi.

Kibanda umiza kina kompyuta moja, spika zinazojulikana na mafaili ya kila aina, zikiwemo filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ. Hapo VLC na mpangilio sahihi wa stirio vinatosha. Furushi la kodeki linaongeza hatari bila faida ya ziada.

Shule na chuo vinahitaji video ndani ya PowerPoint na kwenye vivinjari, katika kompyuta nyingi zinazofanana. Vinafaidika kwa kuandaa masomo katika MP4 ya H.264 na kuweka nakala ya draiva za aina ile ya mashine, ili kila ukarabati usianzie kwenye kununua bando.

DJ wa harusi na unyago anajali sekunde kuliko ukubwa wa faili. Anahitaji draiva ya mtengenezaji, waya badala ya Bluetooth, ambayo kodeki yake huchelewesha sauti kiasi cha kuharibu mdundo, na Wi-Fi iliyozimwa wakati wa kazi. Na kwa mwenye laptopu ya nyumbani, kununua nyongeza ya Microsoft ni halali na rahisi, ila senti 99 ni bei ndogo yenye mlango mgumu kwa asiye na kadi ya malipo ya kimataifa.

Kupiga Windows kunabaki na nafasi yake: virusi, mfumo uliovurugika, au toleo la N lililosakinishwa kwa bahati mbaya. Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi watabadili mfumo kwa sababu za usalama hata pasipo tatizo la video. Hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuhifadhi draiva kwanza, maana si zote zitapatikana tena.

Muhtasari

Jina la faili halisemi kodeki iliyomo, na ukimya wa filamu moja hauthibitishi kufa kwa kadi ya sauti. Jaribio la MP3 hutenganisha kodeki na draiva. Asilimia za prosesa hutenganisha kodeki na uwezo wa mashine. Duara linalozunguka hutenganisha mashine na mtandao. Kodeki mpya hupunguza diski na bando kwa kuongeza kazi ya prosesa, na kodeki zenye hataza huongeza mlipaji wa nne. Kwa kompyuta nyingi za mtumba, mchanganyiko wenye gharama ndogo ni VLC kwa kutazamia, MP4 ya H.264 na AAC kwa kugawana, draiva ya mtengenezaji kwa sauti na michoro, na nakala ya draiva hizo kabla ya ukarabati wowote. Furushi la kodeki libaki kwa programu za zamani zinazolihitaji kweli, na kupiga Windows kuje baada ya majaribio hayo matatu.